Mgeni Njoo, Mwenyeji Achoke

Jamani, mimi ni dereva wa bajaji. Naomba hilo lieleweke mapema, maana siku hizi hapa Mtwara watu wananipungia mkono, nasimama nikijua nimepata abiria, kumbe mtu anataka kuniuliza, "Yule mzungu wako ameshalipia taka?" Mzungu wangu! Kama vile nilimzaa mimi pale hospitali ya Ligula nikamsahau wodini.

Nilichofanya ni kumchukua uwanja wa ndege nikampeleka Shangani, hapahapa mjini, kwa nauli ya kawaida. Basi. Sikumwongezea hata mia tano ya uzungu. Kumbe kwao, mtu kabla hajahamia nchi za watu anapewa kijitabu cha kumwelekeza namna ya kuishi huko, na cha huyu ukurasa wa mwanzo kabisa kilimwambia atafute mwenyeji mmoja mwaminifu. Nilipomrudishia chenji yake kamili akanitazama, akatazama kijitabu, akanitazama tena. Nimeajiriwa tangu hapo. Mkataba hakuna, mshahara hakuna, na hesabu ya bosi jioni iko palepale.

Mimi nilipotoka Tandahimba kuja mjini nani alinipa kijitabu? Nilishushwa stendi usiku na kiroba cha mihogo, mjomba niliyeelekezwa kwake kumbe alishahamia Masasi. Hakuna aliyeniuliza kama nimeshazoea hali ya hewa.

Huyu ni Mjerumani, kaja kwenye mambo ya mashine za kubangua korosho. Mtaani wanamwita Bwana Faili kwa sababu ya lile faili lake. Humo ndani kuna paspoti, nakala za paspoti, picha ndogo za paspoti, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi ya chanjo, na kila karatasi imevalishwa nailoni yake. Siku moja nikamtania kwamba nchi hii mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na yeye kaingia na ya kujaza faili zima. Alfajiri yake simu yangu ikaita. Anauliza ajisalimishe ofisi gani.

Ila tuseme ukweli, lile faili lina kazi. Huku ukienda dirisha lolote utaambiwa leta picha mbili, leta nakala, nenda kwa mwanasheria ikagongwe muhuri, rudi kesho. Yeye anachomoa palepale. Nimeshuhudia karani mmoja akitafuta kwa dakika nzima karatasi ambayo huyu mtu hana ili amrudishe, akakosa yeye. Akamwambia tu, "Subiri pale," ili asiondoke amefurahi sana.

Kijiweni ukazuka mjadala, huyu ni wa daraja gani. Vibali vya ukaazi vina madaraja: A ni wawekezaji na wenye biashara zao, B ni walioajiriwa, C ni wanafunzi, watafiti, wamisionari, wanaojitolea na wa namna hiyo. Na huyo wa B haishii hapo, lazima awe na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na Uhamiaji nao watoe chao cha ukaazi. Ukija na viza ya matembezi ukashika kazi, hayo matembezi yataishia pabaya. Yote hayo mwajiri wake ndiye anayeyahangaikia. Lakini mwajiri kijiweni hawamjui, wananijua mimi. Mmoja anasema huyu ni C, kwani huoni anavaa kandambili? Mwingine anasema ni A, mbona anakunywa maji ya chupa? Wakaja kuniuliza nihukumu. Mimi leseni yangu mwenyewe madaraja yake nayakumbuka nikimwona trafiki.

Nilipompeleka Mikindani tukamkuta mzee mmoja kakaa barazani. Bwana Faili akaamkia vizuri, shikamoo yake haina kasoro. Mzee akamuuliza shughuli iliyomleta. Badala ya kusema korosho yakaisha, akafungua faili na kuanza kumweleza mzee hatua za kibali, moja baada ya nyingine. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akainua macho kulitazama lile boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895, akauliza kwa upole kabisa, "Na wale wenzako wa lile jengo, mjukuu wangu, wao walikuja na daraja gani?"

Bwana Faili akaliandika swali kwenye daftari. Nahofia kalipeleka mahali.

Sasa njoo kwenye nyumba. Hapo ndipo nilipokonda.

Dalali wetu, jina nalihifadhi kwa sababu tunaswali safu moja, alipoona ngozi ya mteja akataja kodi kwa dola. Nikamvuta pembeni nikamwambia, ndugu yangu, kanuni zilitoka mwaka 2025, bei za ndani ya nchi zinatajwa na kulipwa kwa shilingi, acha kutafuta kesi. Akasema hamna shida. Akachukua zile dola akazipiga kwenye simu zikawa shilingi, halafu akaongeza laki moja. Nikamuuliza hiyo laki ya nini. Akasema, "Ya kuithamini pesa yetu."

Tukaingia nyumba ya kwanza.

"Maji yapo?" akauliza Bwana Faili.

"Yapo."

Akafungua bomba. Bomba likakohoa, likatema mchanga kidogo, likatulia.

"Mbona hayatoki?"

"Hayatoki, lakini yapo. Yanakuja kwa zamu."

Bwana Faili akatoa kalamu, akaomba ratiba ya hiyo zamu. Dalali alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti, akawa anajifuta machozi kwa shati. Ikabidi nieleze mimi: hapa usiulize kama maji yapo, uliza simtanki iko wapi, ya lita ngapi, na ukaipige kofi mwenyewe usikie imejaa au inalia. Halafu uulize mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kwanza, ni ya kwako peke yako au mnachangia na yule fundi wa kuchomelea mageti huko nyuma. Halafu uje usiku mara moja usikilize jirani ana baa au ana spika. Yeye alikuwa anapima madirisha kwa futi.

Kodi ikatakiwa ya mwaka. Kwao analipa kila mwezi, basi akamuuliza mwenye nyumba sababu ya kudai mwaka mzima. Mzee wa watu akamjibu bila kuficha: "Nataka kupaua nyumba nyingine." Na huo ndio ukweli wa mji huu, kila mpangaji anaezeka nyumba ambayo mwaka ujao atapangishwa mwenzake. Tena bahati yake alikuja kabla ya Oktoba. Minada ya korosho ikishaanza, hela zikaingia kwenye akaunti za watu wa Newala na Tandahimba, dalali hapokei simu ya mtu wa mshahara.

Tukakubaliana miezi sita. Dalali akadai chake, kodi ya mwezi mmoja, kutoka kwa mpangaji. Bwana Faili akasema kwa adabu kwamba kwao tangu mwaka 2015 sheria inataka aliyemwita dalali ndiye amlipe. Dalali akaona ni sheria nzuri sana. Akauliza, "Sasa mimi hapa aliniita nani?"

Macho yote yakanigeukia.

Nyie serikali mwaka huohuo wa 2025 mlitoa orodha ya biashara 15 ambazo mgeni haruhusiwi kuzifanya, na udalali wa nyumba umo. Nawapongeza. Ombi langu ni moja, mngeendelea mbele kidogo mkawazuia na wenyeji.

Barua ya serikali ya mtaa siielezi sana. Mwenyekiti alikuwa msibani. Tukaenda tena, yuko msibani, msiba mwingine. Bwana Faili akaniuliza saa za kazi za mwenyekiti. Mwenyekiti hana saa za kazi, ana sehemu anazopatikana. Mwishowe muhuri tuliugongewa hukohuko msibani, kwenye jamvi, baada ya kula wali. Bwana Faili alikuwa ameshachanga elfu kumi ya rambirambi kwa marehemu asiyemjua, na akaomba risiti.

Laini ya simu ndiyo iliyoniumiza. Raia anakwenda na namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na vidole vyake, mgeni anakwenda na paspoti. Kabla ya hapo alitaka nimsajilie kwa jina langu ili tusipoteze muda. Nikakataa, mtu akitapeliwa Nanyumbu nitatafutwa mimi. Basi tukaenda kwa wakala, na siku hiyo nilikuwa na mama, laini yake ilifungwa, anataka airudishe. Mnakumbuka Januari 2020, zile foleni za kusajili laini kwa alama za vidole kabla hazijazimwa tarehe 20? Mama yangu alipanga foleni ile mpaka akafahamiana na watu wakaozesha. Mashine haikumsoma. Amebangua korosho maisha yake yote kwa mkono, na yale mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, vidole vyake sasa vimekuwa laini kama kijiko. Mzaliwa wa hapahapa, kazika wazazi hapahapa, mashine ikimgusa inasema haimjui.

Bwana Faili akaweka kidole. Pii! Kasomwa.

Mama akanitazama mimi, kana kwamba mashine ile ni yangu. Halafu akauliza kwa sauti ya juu, "Na ndiye huyu anayeleta mamashine ya kutunyang'anya kubangua?" Nikajifanya natafuta chenji mfukoni. Bwana Faili, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuokoteza, akadhani mama analalamikia vidole. Akafungua begi, akatoa krimu ya mikono, akampaka mama kidole kimoja kimoja taratibu, akampangusa, akamwambia wakala jaribu hiki, jaribu hiki, mpaka wakafika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Pii.

Mama kapata laini yake. Kamwombea dua palepale dirishani, ndefu, watu wa nyuma wakaitikia amina ili foleni isogee. Halafu akanigeukia: "Miaka yote hii wewe ulikuwa wapi?" Tangu siku hiyo ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, ikichemshwa nyumbani, sufuria la kwanza linapelekwa Shangani. Nalipeleka mimi, kwa petroli yangu.

Umeme nao. Plagi zake zina miguu miwili ya mviringo, soketi zetu ni za matundu matatu, mambo ya Waingereza. Fundi akamwonyesha tunavyofanya: unachukua kalamu, unabonyeza lile tundu la juu, unasukuma plagi, inaingia. Bwana Faili akaruka hatua mbili nyuma, akasema hiyo ni hatari. Fundi akamwuliza hatari iko wapi na umeme wenyewe umekatika tangu asubuhi? Akanunua adapta tatu. Halafu akaniuliza lile swali. Gesi inatoka hapa Mnazi Bay, kuna bomba limezinduliwa 2015 linaipeleka mpaka Dar es Salaam, sasa kwa nini sisi tulioketi juu ya gesi tunawasha mishumaa? Nikamwambia shusha sauti. Swali la gesi na bomba mwaka 2013 lilizua vurugu hapa, likatutoa machozi mji mzima, na hatukuwa msibani.

Lakini aliyonifanyia kwenye LUKU siwezi kusamehe. Mtu ukinunua umeme unapewa tarakimu zako 20, unaziingiza kwenye mita, unashukuru Mungu. Nani anasoma maelezo mengine? Yeye alisoma. Akaona imekatwa kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakatwa humohumo kwenye umeme, kila mwezi, na anayenunua umeme ni mpangaji wakati jengo ni la mwenye nyumba. Akapiga hesabu kwenye karatasi, akaitia nailoni, akampelekea mwenye nyumba. Mzee alidhani ni mzaha wa Kizungu. Alipoona mtu hacheki, akarudisha hela.

Akarudisha! Habari ikatembea kuliko bajaji yangu. Wapangaji wa Shangani, Chuno mpaka Magomeni wakaanza kukusanya meseji za LUKU. Ijumaa tunatoka msikitini mwenye nyumba kanishika kanzu.

"Wewe kijana, nani kamfundisha yule?"

"Mzee, kasoma mwenyewe."

"Na wewe ulikuwa wapi akisoma?"

Malaria aliipata, kama kila mtu. Jirani wa chapati alishamchemshia mwarobaini, mimi nikasema hapana, apimwe kwanza. Akapimwa, anayo, akapewa dawa ya mseto, vidonge 24 vya siku tatu, vinne kila mara, na ile dozi ya pili saa nane baada ya ile ya kwanza. Alitegesha kengele kwenye simu. Siku ya pili homa imeondoka, anatembea, anaendelea kumeza! Sisi hapo tungeshaweka vilivyobaki kwenye droo pamoja na betri mbovu, vimsubiri mgonjwa mwingine. Mke wangu alipokwenda kumjulia hali akamuuliza vidonge vilivyobaki viko wapi. Akaambiwa hakuna, vimeisha. Njiani kurudi mke wangu anaguna: "Vyote ishirini na vinne? Ule si uchoyo?"

Habari za saa sizielezi, kila aliyewahi kupokea mzungu anazo zake.

Nilidhani akishazoea nitapumzika. Wapi! Kazoea kupita kiasi. Mwanzoni alikuwa anafika dukani anasema tu, "Nataka mkate," muuza duka ananikasirikia mimi. Nikamfundisha kwamba kwanza ni salamu: umeamkaje, nyumbani wazima, watoto, kazi. Sasa tukipita soko la samaki Feri kutafuta pweza, anashuka anasalimia mpaka wapara samaki, anauliza hali ya yule mtoto aliyekuwa na surua, anauliza kusi imetulia baharini, anarudishiwa salamu anajibu zote. Mimi nje nimewasha injini, kisha nimezima, kisha nimewasha. Abiria wanapita. Petroli haisalimii mtu.

Na michango. Kuna mtu alimwingiza kwenye kundi la WhatsApp la harusi, yeye akadhani ni mwaliko, akaandika "Nitafurahi kuja." Mwenyekiti wa kamati akamjibu, "Asante kwa kufurahi, ahadi yako ni shilingi ngapi?" Akaahidi, na akalipa siku aliyosema atalipa. Kamati nzima haijawahi kuona kitu kama hicho. Mtu aliyeahidi, akalipa, kabla ya sherehe! Wakampeleka na kamati nyingine.

Kijiwe chetu tuna mfuko wa kusaidiana, ukiuguliwa, ukifiwa, bajaji ikikamatwa. Hela za mfuko ule zina tabia ya kupungua zenyewe usiku. Tukawa na mkutano, mweka hazina wa zamani kajiuzulu kwa kutokuhudhuria, na nani anatunza daftari? Wakasema si yupo mzungu wako, yule mwenye nailoni? Mimi nikacheka, nikajua ni mzaha. Wakainua mikono.

Hela ni ileile, daftari ni lilelile, lakini mfuko unajaa. Kila mtu ana ukurasa wake. Juzi nimeegesha, nakula zangu korosho, kaja na karatasi. Imeandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu kwamba mimi, dereva, nimechelewesha mchango wa mwezi, hivyo kwa mujibu wa kanuni namba nne nadaiwa faini ya shilingi 2,000.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi si ndiye mwenyeji wako?"

"Ndiyo, kaka," akasema. "Ndiyo maana nimekuanza wewe."

Kijiwe kizima kikapiga makofi. Nikaona dawa yake ni sheria. Nikamwendea mwenyekiti wa kijiwe, nikamwambia mwenyekiti, huyu mtu kaja kwa ajili ya mashine za korosho, kibali chake kinamruhusu kututoza sisi faini? Mwenyekiti akamalizia kutafuna muhogo wake, akafuta mikono kwenye suruali.

"Kibali chake tumekiona, kimo kwenye faili," akasema. "Chako wewe cha kuegesha hapa kiko wapi?"

Faini nimelipa.